Maji ya Baba Tuli

Haya yalimpata jirani yangu wa Matema, dada Tulinagwe, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nikimenya ndizi. Nasema mapema, maana watu wakisikia habari ya namna hii huuliza nilisimuliwa na nani. Sikusimuliwa na mtu. Mimi ni nesi, nimezaliwa Missenyi, Kagera, na nilipohamishiwa huku Kyela nilikuwa mtu wa kuwacheka wanaoogopa mizimu.

Ilianza Jumamosi moja nzuri tu. Akina mama wa Kikisi walikuwa wameshusha vyungu vyao ufukweni, na mimi nilikuwa nyumbani namlisha uji mwanangu Catheline, aliyekuwa ndio kwanza amejifunza kukaa. Baba yake, Clemence, yuko Mwanza kikazi. Tuli akaja amekumbatia chungu cha zamani, mdomo wa chungu umefunikwa kwa kitambaa.

"Ugonile, nesi."

"Ndaga, dada Tuli. Karibu."

"Kwenu si Kagera? Baba aliandika kutoka huko wakati wa vita. Majina ya mahali siyajui. Nataka nikusomee, uniambie alikuwa wapi."

Mama yake alikuwa amefariki masika yaliyopita. Tuli aliwahi kuolewa akarudi, hakujaliwa mtoto, na kwenye nyumba ile alibaki yeye na kuku. Nikiwa kazini, yeye ndiye aliyekaa na Catheline, na nilijua kwamba zile ndizo saa zake za furaha. Kwa hiyo nikaweka bakuli chini nikamsikiliza.

Ndani ya chungu zilikuwa barua chache, za karatasi za daftari. Baba yake, Asajile, aliitwa vitani Tuli akiwa mchanga kama Catheline wangu. Aliandika kama walivyoandika watu wa zamani, salamu kwanza, kisha dhumuni la barua, kisha yeye ni mzima ila matope yamezidi. Tuli aliposoma jina la Kyaka nilishtuka, maana bibi yangu alikimbia kutoka pale na mama yangu mgongoni. Nikamweleza Tuli jinsi mto ulivyo, jinsi mabonde yalivyo na jinsi udongo wa kwetu unavyong'ang'ania nguo usitoke hata kwa jiki. Alinisikiliza kama mtoto anayesimuliwa habari za sikukuu.

Kila barua iliishia na maneno yaleyale. "Mama Tuli, niwekee maji. Nikifika nitaoga kwanza, nisije nikamshika mtoto na uchafu wa huku. Nikishaoga ndipo unipe nimbebe."

Baada ya Kyaka barua zilikoma. Ikaja taarifa kwamba Asajile hakuonekana. Mwili haukuletwa, na mama Tuli alikataa katakata kuweka msiba wa mtu ambaye hajaletwa. Badala yake, kila siku alasiri alijaza ndoo, akaiweka kwenye bafu la nyuma pamoja na sabuni na taulo. Asubuhi aliyamwagia maboga maji yale. Alifanya hivyo maisha yake yote, na majirani walishachoka hata kumcheka.

"Na sasa nani anamwekea?" nikauliza, kwa utani.

Tuli alikunja barua polepole. "Hakuna," akasema. Jioni ile nilimwona akipita na ndoo.

Kesho yake, kabla sijatoka kwenda kanisani, alinishika mkono bila salamu na kunipeleka kwenye bafu lile la matofali lisilo na paa. Ndoo ilikuwa tupu. Sabuni ilikuwa na povu bichi. Taulo lilikuwa limetundikwa, limelowa. Nikainama kutazama ndani ya ndoo, kwa sababu chini kulikuwa na kitu kama uji.

Matema kuna mchanga wa ziwa, na mashambani udongo ni mweusi. Ule ulikuwa mwekundu. Niliusugua kwa vidole, nikaunusa. Nimeukanyaga utotoni mwangu wote, sikuhitaji kuambiwa ni wa wapi.

"Ni wa kwenu?" Tuli akanong'ona.

Nilinawa mikono mara nyingi siku ile.

Wiki iliyofuata akawa anaweka maji kila alasiri, na kila asubuhi hali ikawa ni ileile. Mwenzangu alinawiri. Alisuka nywele. Alinunua taulo jipya Ipinda. Na kila jioni, kabla ya kubeba ndoo, alikaa barazani akasoma barua moja kwa sauti, sauti ambayo wazee wa pale walisema ni ya mama yake kabisa. Mimi nilikuwa naogopa, na nilimwambia hivyo.

"Dada, mwambie baba kwamba mama hayupo. Msiba wa mama mlituma habari Tukuyu, mkatuma Mbeya, mkavusha mto Songwe mpaka Karonga. Yeye nani alimwambia? Huyu anarudi kwa mkewe."

Aliinua ndoo, akaishusha tena.

"Nikimwambia, atakuja kwa nani?" akasema. "Mimi hanijui sura. Acha aje, nesi. Nataka anibebe, hata anishike bega tu. Baada ya hapo nitamwambia kila kitu."

Ningekuwa na akili ningehama siku ileile. Lakini Tuli alikuwa ndugu yangu pekee katika ufukwe mzima, na alisema maneno yale kwa aibu, kama anaomba kitu kikubwa mno. Nilimwonea huruma.

Ikaja siku ya mvua. Milima ilikuwa imefichika, ziwa halionekani. Tulikaa barazani kwake, ndizi mapajani. Catheline alikuwa amelala ndani, kwenye kitanda cha Tuli, nimemzungushia mito. Ndoo ilikuwa imeshawekwa. Barua ilikuwa imeshasomwa.

Mvua ikapungua. Ndipo tukasikia kopo likichota maji.

Tukatazamana. Kopo likachota tena. Maji yakamwagika, mengi, kama ya mtu anayejimwagia kichwani. Mtu akakohoa. Kikohozi cha mwanaume. Harufu ya sabuni ikatufikia.

Nilitaka kusimama. Tuli akanivuta nguo, nikakaa.

Kimya. Kisha miguu mitupu kwenye tope, inakuja ukutani kwa nyumba. Ikasimama. Sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, ya chini, imechoka.

"Mama Tuli."

Nilimshika Tuli mkono. Nilitaka anyamaze. Lakini mtu aliyesubiri maisha yake yote hakumbuki tahadhari, na mdomo wake ukajibu kama mama yake alivyokuwa akijibu alipokuwa hai.

"Abee," akaitika.

"Nimeshaoga." Matone ya maji yakadondoka. "Mtoto yuko wapi?"

Tuli alifungua mdomo. Niliona uso wake ukibadilika. Alikuwa ameelewa. Ameitika kama mama, na sasa anaulizwa habari za mtoto. Midomo ilicheza. Ni mimi. Ni mimi, baba. Maneno hayakutoka na sauti.

"Sema," nikamnong'oneza. "Sema sasa."

"Nimeshaitika," akanong'ona.

Ndani, Catheline akacheka.

Alikuwa amelala. Nilimwacha amelala fofofo. Alicheka tena, kicheko kile cha mtoto anayerushwa juu na kudakwa. Sijui niliingiaje. Nilimkuta amekaa katikati ya kitanda, uso ameuinua, anatazama mahali pasipo na mtu. Mito ilikuwa imepangwa vizuri pembeni. Nikamnyanyua. Mgongo wake ulikuwa umelowa.

Nilimgeuza. Kwenye gauni lake, chini ya mabega, palikuwa na alama za viganja viwili. Vikubwa. Vyekundu. Alikuwa ameoga, ndiyo, lakini udongo wa kwetu hautoki kwa kuoga tu.

Tuli alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atapiga kelele. Alikuja taratibu, akanivulia mtoto lile gauni, akaweka kiganja chake juu ya kimoja kati ya vile viwili, akapima. Kisha akajifunika gauni usoni na kulia bila sauti.

"Ana mikono mikubwa," akasema. "Mama hakuwahi kuniambia."

Nilihama mwezi uleule. Nimepanga Mbugani, Kyela mjini, kwenye nyumba yenye wapangaji wengi na redio kila chumba. Gauni nilimwachia. Sikumuaga vizuri, na hilo linaniuma, kwa sababu najua kuna siku zinapita hajaongea na mtu.

Catheline sasa anatembea kwa kushika ukuta. Wakati mwingine anasimama katikati ya chumba na kuinua mikono yote miwili, kama watoto wanavyofanya wakitaka kubebwa. Haniinulii mimi. Mimi ninakuwa nyuma yake.

Jana Tuli alinipigia simu. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa na mtoto hakuwa amekanyaga nje. Nilikuwa nimetoka kumwogesha. Aliniuliza kazi, aliniuliza mtoto.

"Nesi," akasema, "bado namwekea. Kila siku. Lakini siku hizi maji yanalala vilevile, hayaguswi." Nilisikia anavuta pumzi. "Anakuja huko kwako?"

"Hapana, dada," nikamwambia. "Haji."

Alinishukuru, ndaga fijo, akakata simu. Mimi nikaenda uani, nikamwaga maji ya mtoto, kisha nikachukua brashi na kusugua ule udongo mwekundu uliobaki ndani ya beseni.