Mkono wa Majivu

Watu wa Murongo wana midomo, hilo halina ubishi. Ukinunua baiskeli leo, kesho utasikia umenunua basi. Lakini habari ya Leonidas na yule kambale haikutiwa chumvi hata punje moja, maana aliyeisimulia ni mkewe mwenyewe, Kampire, na Kampire si mwanamke wa maneno mengi.

Ilikuwa Machi, mwaka 1986, Jumatatu ya kawaida tu. Leonidas alipalilia kahawa hadi saa nne, akachukua ufito wake wa mwanzi, akateremka Mto Kagera hadi kwenye kona ambako mafunjo yanaachana na maji yanatulia. Hakuwa na mtumbwi wala nyavu. Alivua kwa boya, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, mzee Athanasi, aliyekuja na familia kutoka Rwanda: kipande cha funjo kavu kinachoelea, chini yake chubwi dogo la kuzamisha mshipi, na chini ya chubwi ndoana yenye nyungunyungu. Unakaa, unalitazama boya. Kambale hana papara. Hulibeba pembeni kwanza, taratibu, ndipo alizamishe.

Mzee Athanasi alikuwa na masharti mawili, na alipokuwa hai alikuwa mkali nayo. Kambale mwenye mayai arudishwe majini. Na samaki wa kurudishwa ashikwe kwa mkono uliolowa, kwa sababu ule ute ndio nguo yake, na mkono mkavu unamvua nguo. Majivu ya kukazia mkono, yale ambayo kila mvuvi wa kambale huyabeba ndani ya kopo, yalikuwa ya samaki wa kwenda chunguni tu.

Siku hiyo boya lilikwenda pembeni, likazama. Leonidas alivuta kambale mrefu kama mkono mzima wa mtu, akachovya kiganja kwenye majivu, akamkaba mbavuni, vidole vinne huku, dole gumba kule. Alimbana hasa. Mayai ya kijani yakaanza kumtoka samaki kwa chini. Leonidas akaguna. Sharti la kwanza alilikumbuka, na la pili pia alilikumbuka, tusimsingizie usahaulifu. Ila jua lilikuwa kali, maji yalikuwa hatua tano mbele, naye alikuwa amechoka. Akamtupa kambale mtoni kwa mkono ule ule wa majivu, akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Leo nimemsamehe mama mwenzako," alimwambia Kampire.

Kampire alicheka, mkono tumboni. Ilikuwa mimba ya miezi mitatu, ya tatu kwake. Mbili za kwanza zilitoka zikiwa na miezi mitano, zikazikwa nyuma ya jiko kwenye migomba, bila majina. Tangu ile ya pili Leonidas alikuwa na neno moja moyoni ambalo hakulitamka mbele ya mtu: kuna mtu anawala watoto wangu. Basi alikuwa akiwatazama watu. Kanisani alitazama nani anamwangalia mkewe. Kisimani alitazama nani amempisha.

Baada ya wiki tatu alirudi kwenye ile kona. Boya lilikaa kimya muda mrefu, kisha likaanza kutembea. Lilipanda kuelekea yanakotoka maji, polepole, na mkondo ukipita pande zake zote mbili. Leonidas alivuta. Akatoka kambale mkubwa, mdomo umechanika pale ndoana ya mwanzo ilipompata. Tumbo lilikuwa bado limejaa mayai, wakati wenzake wote walikwisha kuyamwaga na mvua za kwanza.

Ubavuni alikuwa na mkono. Alama nyeupe ya ukungu, ule ukungu wa ugali uliolala siku tatu. Kiganja na vidole vinne upande mmoja. Leonidas akamgeuza kwa ncha ya ufito, akaona upande wa pili dole gumba.

Alikata mshipi, akampindua samaki kwa mguu hadi akaingia majini. Nyumbani alimkuta Kampire amekaa mlangoni, anajikuna tumbo upande wa kushoto.

"Panawasha tangu asubuhi," Kampire alisema. "Tazama ngozi ilivyokauka."

Leonidas alitazama. Palikuwa na bakabaka jeupe, lenye unga unga. Alilifuta kwa kanga na halikufutika.

Hapo akili ya mwanamume yule ilikwenda moja kwa moja kwa Mama Xaveria. Huyu alikuwa mjane, Mhaya wa Muleba, mkunga ambaye nusu ya watoto wa pale Murongo walipitia mikononi mwake. Jumapili baada ya misa alikuwa amemshika Kampire tumbo, akalikanda kwa samli, akasema mtoto amekaa vizuri. Amejuaje? Kwa nini upande wa kushoto? Na hizo mimba mbili zilizotoka, nani alikuwa amezikanda? Leonidas hakulala vizuri wiki ile.

Alichofanya baadaye kilikuwa cha mtu aliyeamua kupata ushahidi. Alirudi mtoni siku nne mfululizo, na siku ya nne boya likapanda tena juu kinyume cha mkondo. Safari hii alikuwa amejiandaa. Alimlaza kambale kwenye majani, akachukua kamba nyembamba ya mgomba, akaipima ile alama kutoka chini ya kiganja hadi ncha ya kidole cha kati. Akapiga fundo huku na fundo kule. Alimwachia kambale, akaenda kuwasalimia watu.

Yaani alisalimia! Mtu ambaye siku zote alikuwa akiinua kidevu na kupita, sasa anakupa mkono na hauachii. Ile kamba aliificha ndani ya kiganja chake cha kulia, akaibana kwa dole gumba, fundo moja mwanzo wa kiganja na jingine kwenye ncha ya kidole cha kati. Ilimkaa sawasawa, haikuchomoza juu wala chini, hata akamshukuru Mungu kwa bahati hiyo. Akimshika mtu, anapapasa kidole chake kimeishia wapi. Celestin, jirani yake wa shamba, alikuwa na mkono mfupi. Cassian, karani wa forodha pale mpakani, mrefu mno. Wanawake wa jumuiya wakaanza kunong'onezana kwamba Leonidas ametafuta dini au ametafuta mchepuko.

Zamu ya Mama Xaveria ilifika kisimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Xaveria alisubiri aachiwe mkono. Hakuachiwa. Akainamisha macho, akaiona kamba. "Waitu! Unanipimia sanda?"

Leonidas alicheka kicheko kikavu, akaondoka. Kidole cha mama kilikuwa kimepungua upana wa ukucha. Ukucha mmoja tu! Njiani alijiambia kamba ililowa siku ile ya kupima, kwa hiyo imevutika. Alipofika nyumbani alikuwa na hakika kabisa.

Alilimwaga jungu la samli. Akatupa na majani yote ya dawa yaliyoletwa na yule mama. Kampire alimsihi, akamkumbusha kwamba zahanati ni mwendo wa nusu siku na njia ni matope matupu. "Nani atanizalisha, Leonidas? Wewe?" Mwanamume alitoa jicho. Mama Xaveria alipokuja jioni, jua bado lipo, alimkuta amesimama mlangoni.

"Humu huingii tena," Leonidas alisema kwa sauti ya chini. "Alama ya mkono wako nimeiona."

Mama Xaveria hakupiga kelele. Alimtazama uso, kisha mkono, kisha uso tena.

"Umepima mikono ya watu wote?" aliuliza.

"Wote."

"Haya," alisema, akarudi kwake.

Mwezi wa tano wa mimba ulipita, mtoto akabaki. Leonidas akatembea kifua mbele, akijiona amemshinda mchawi. Lakini lile bakabaka halikukaa kimya. Mwezi wa sita lilitoa ncha moja kuelekea mgongoni. Wa saba, ncha tatu. Wa nane zikatimia nne, na Kampire akaacha kumwonyesha mumewe. Alijifunga kanga hadi kifuani, akawa anajipaka maji peke yake, kwa sababu maji ndiyo yaliyompoza.

Uchungu ulianza Septemba, saa sita mchana, mvua ikinyesha hadi migomba inalala. Saa tisa mtoto alikuwa hajasogea. Kampire alikuwa ameshika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili.

"Kamwite," alisema.

"Kampire..."

"Kamwite mama, au ukachimbe tena pale nyuma ya jiko."

Leonidas alikimbia. Aliteleza mara mbili. Mama Xaveria alimkuta uani kwake akiwa ameloa chepechepe, akachukua mfuko wake bila kuuliza neno. Kwa kweli moyo wa mama yule uliumia miezi yote ile, na baadaye alikiri kwamba alitamani kumfungia mlango. Hakumfungia.

Alipoingia tu alisema, "Leteni beseni la maji. Mtoto hashikwi kwa mkono mkavu."

Leonidas alisimama na beseni. Aliisikia ile sentensi ikimshuka mgongoni. Aliweka maji chini. Akatoka. Akarudi.

Mtoto alitoka saa kumi. Msichana. Hakulia. Alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua, akaufunga. Macho yalikuwa wazi. Mama Xaveria alimpangusa uso, akamgeuza, akampiga nyayo. Kimya. Kisha akamwinua kwenye mwanga wa dirisha.

Mbavuni, mkono mweupe. Mkono wa mtu mzima, umemzunguka mtoto mzima. Vidole vinne mgongoni. Dole gumba kwenye kitovu.

"Njoo," alinong'ona Mama Xaveria. "Njoo na kamba yako."

"Mama..."

"Itoe."

Aliitoa mfukoni. Mama akaushika mkono wa kulia wa Leonidas, akaukunjua, akailaza kamba juu yake. Fundo kwa fundo. Haikuchomoza juu wala chini.

Mtoto alifungua mdomo, akaufunga. Midomo ilianza kugeuka rangi.

"Nilikuwa na majivu," Leonidas alisema. Alikuwa analia. "Alikuwa na mayai. Nilikuwa na majivu mkononi."

"Lowesha."

Alitumbukiza mkono kwenye beseni. Maji yakageuka kijivu. Miezi sita tangu siku ile, na maji yakageuka kijivu. Mama Xaveria akayamwaga mlangoni, akaweka mengine, yakageuka tena. Ya tatu yakabaki meupe. Ndipo akamsogezea mtoto, na Leonidas akaweka mkono wake uliolowa juu ya ile alama, kidole kwa kidole, taratibu, bila kubana.

Mtoto alilia. Alilia hadi Celestin akamsikia kwake, akaja mbio kwenye mvua.

Walimwita Therese. Yupo, mzima, hodari wa shule. Leonidas alimwomba Mama Xaveria msamaha mbele ya jumuiya nzima, akipiga magoti, na mama akamwambia ainuke asichafue suruali. Kopo la majivu alilitupa mtoni, ufito akaukata kuni. Hajavua tena. Celestin, ambaye bado huvua pale kwenye kona, anasema mwaka ule ule alimpata kambale mmoja mkubwa mwenye mdomo uliochanika, tumbo tupu, ubavu safi hauna doa. Alimrudisha kwa mikono iliyolowa.

Ile alama ilibaki kwa mtoto. Haikukua naye, ni mkono wa baba yake kwa kipimo kile kile.

Sasa, kila mwaka Machi ikifika, Therese huamka akiwa na mistari ya majivu kwenye gauni lake la kulalia, minne huku na mmoja kule, na chumbani kwake hakuna moto unaowashwa. Leonidas hulala chumba cha pili, na mlango kati yao Kampire huufunga kwa ufunguo anaoulalia mwenyewe. Tangu mwaka 1990 amekuwa akimfunga mumewe mkono wa kulia kwenye nguzo ya kitanda, na mumewe ndiye aliyeomba. Kamba haijawahi kufunguka. Lakini asubuhi, kabla hajamruhusu kumsalimia mwanawe, Kampire huja na kitambaa kikavu kuukagua ule mkono. Huukuta hauna jivu, umelowa hadi kwenye kiwiko, una ute, unanuka mto.