Dakika Moja ya Ukimya

Haya yalimpata rafiki yangu Akumu, mtayarishaji wa filamu wa kujitegemea. Aliteremka Mwanza kwa basi kutoka Kigali, akakuta watu wake wamesahau kurekodi ukimya wa ghala la samaki kule Igogo, dakika moja tu ya kuwekwa chini ya mazungumzo ya filamu. Hasira zikampanda. Mchana huohuo akaenda mwenyewe, akajifungia ndani, akawasha kinasa sauti gizani.

Mtu akapumua.

"Wewe!" akafoka. "Nimesafiri usiku kucha, halafu unaniharibia kazi?"

Akaanza kurekodi upya, pumzi ikarudi, karibu zaidi. "Wewe!" Mara ya tatu alipiga kelele mpaka mlinzi, mzee Masele, akafungua mlango.

"Unagombana na nani, mwanangu? Humo uko peke yako."

Mwanga ukaingia. Sakafu tupu, kuta nne.

Akavaa hedfoni asikilize alichorekodi. Kila alipofoka "Wewe!", sauti ya bibi kizee iliitika kwa adabu, karibu kabisa na kinasa sauti: "Abee, mama."

Akumu alifoka mara tatu. Bibi aliitika mara nne.