Kipande Kilichobugia Kumbukumbu

"Kahawa imeiva," mkuu wake wa kazi alisema simuni kwa mafumbo. "Vuna kabla ya mchana."

Ninsiima, mpelelezi wa polisi, alikata simu. Aliegesha pikipiki yake, Boxer, nyuma ya soko la Kayanga, akaingia ofisi ya mafundi wa kompyuta waliotengeneza programu ya kamera za mpakani, laptop begani, bastola kiunoni.

Malori ya magendo ya kahawa yalikuwa yakivuka mpaka kule Murongo, na kamera ya geti la huko haiyaoni. Lawama zote zikamwangukia Byabato, mlinzi wa geti. Mchana huo alikuwa anapelekwa mahakamani, na wanawe wanalia nje ya kituo cha polisi.

Programu ya kamera ilikaguliwa yote. Haina doa.

Basi mchawi alikuwa kwenye kompaila, mtambo unaogeuza maandishi ya mafundi kuwa lugha ya mashine. Ndani yake mlikuwa na kipande kimoja kilicholetwa kimefungwa, hakisomeki. Alikileta fundi mkuu, Novatus.

Kaka yake Ninsiima, tumbo moja.

Mwingine angetetemeka. Yeye wapi! Tangu amzike mwenzake wa kazi, moyo ulikufa ganzi, hata machozi yalimgomea.

Kwenye maelekezo ya kuijenga kompaila aliongeza kipimo cha kumbukumbu: kila kipande kitakachoomba nafasi, kitajwe. Akaijenga upya. Akailisha programu ya kamera.

Mstari wa kipimo ulitambaa chini ya skrini. Ghafla, paa! Ukapanda.

Kile kipande kilichofungwa kilikuwa kinabugia kumbukumbu, kinapakia ndani ya programu namba za malori ambayo kamera isiyaone.

Akatuma ushahidi, akashika redio.

"Zuieni malori Murongo. Byabato aachiwe."

"Tumepokea. Na fundi?"

"Niachieni mimi."

Mlango ukafunguka. Novatus akaiona skrini, mkono ukakimbilia mfukoni. Bastola ya Ninsiima ilishamtangulia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea tu. "Ninsiima, mimi ni damu yako!"

"Byabato naye ana damu yake. Lete mikono."

Akamfunga pingu, akamkabidhi kwa askari waliokuwa nje. Redio ikakoroma: malori yamekamatwa, Byabato yuko huru. Ninsiima hakuhisi kitu.

Simu ikaita. Mama, kutoka Ihembe.

"Mwanangu, matoke yako jikoni. Njoo na kaka yako."

"Nakuja peke yangu, mama. Kaka nimemkamata."

Mama akasikika akifunika sufuria.

"Alikuwa amekula?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

"Basi pita hapa uchukue chakula chake."

Ninsiima akavaa kofia ngumu, akapiga kiki, akaondoka taratibu kwenda kukichukua.