Bendera ya Mgodi wa Aldin

Jioni ile nilikwenda kuchukua ngoma tu. Mdogo wangu Kelvin na wenzake walikuwa na onyesho Sunderland, na mwenye gari nilikuwa mimi. Kilikuwa kigari changu cha kuuzia samaki, kwa hiyo popote bendi ile ilipokwenda, watu walinusa chewa kwanza, gitaa wakalisikia baadaye.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1980, saa kumi alasiri tu na giza limeshaingia, kama kawaida ya kaskazini mwa Uingereza wakati wa baridi. Siku hizo kila kijiji cha Durham kilikuwa na vijana wenye nywele hadi mabegani na gitaa la mkopo, wanaoamini kwamba London iko mbioni kuwapigia simu. Simu yenyewe nyumbani hawana. Wetu walikuwa watatu: Kelvin, miaka kumi na tisa, gitaa na sauti; Ellis kwenye besi; na Dougie kwenye ngoma, pande la mtu anayekula pai mbili kabla hujamaliza kumkaribisha. Walijiita Stythe. Ndivyo wachimbaji wa kwetu wanavyoiita ile hewa ya mgodini inayoua mtu kimyakimya. Mama alipolisikia jina hilo alizima redio, akatoka sebuleni.

Niliwakuta kwenye jukwaa la ukumbi wa wachimbaji wanakunja kitambaa chekundu. Nikakaribia. Ilikuwa bendera ya mgodi wa Aldin, ile ya hariri, pana kuliko ukuta wa chumba changu, na nguzo zake mbili ziko pembeni. Ilikaa sandukuni tangu mlipuko wa mwaka 1934, mgodi ulipojaa maji, ukafungwa, na baadhi ya wanaume wakaachwa hukohuko chini.

"Mmeitoa wapi?"

"Bendi zote zina pazia la nyuma, dada," Kelvin akasema. "Sisi tuna ukuta tu."

"Mmemwomba nani ruhusa?"

"Panya," akajibu Dougie. "Ndio walikuwa wanaitumia."

Nikacheka, nikafungua mlango wa nyuma wa gari.

Klabu ya Sunderland ilikuwa kama klabu zote za wafanyakazi. Katibu wa burudani, Bwana Stobbs, alivaa tai na sura ya mtu mwenye maumivu ya jino. Aliwaambia wapige nyimbo tatu, wapishe bingo, kisha wamalizie. Watu walikuwa wachache, wake na waume, wanakula pai na njegere na kusubiri namba zao. Vijana wakaisimamisha bendera nyuma ya ngoma. Kelvin akagusa nyuzi, na bibi mmoja mezani akatoa kifaa chake cha kusikia, akakiweka kwenye mkoba.

Wimbo wa pili ulikuwa haujaisha nilipowaona.

Walisimama kwenye ukuta wa mwisho, wamejipanga. Wanaume. Suti nyeusi za Jumapili, kofia bapa vichwani. Hawakunywa. Hawakupiga makofi. Macho yao yote yalikuwa kwenye bendera...

Na walikuwa wamelowa.

Nje hakukuwa na mvua. Nikasikia harufu ya makaa ya mawe mabichi, na chini yake harufu ya maji yaliyofungiwa miaka mingi. Nikamwinamia mama muuza pai.

"Wale pale nyuma ni kina nani?"

"Wapi, kipenzi?"

Taa zikawashwa kwa ajili ya bingo. Ukutani hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na maji, na mhudumu akaja na tambara akilalamika kuhusu paa.

Tulipokuwa tunarudi, Ellis alikaa nyuma na vyombo. Tulikuwa tumeshaiacha barabara kubwa aliponong'ona:

"Nani anatembea nyuma yetu?"

"Tuko ndani ya gari, Ellis."

"Najua."

Nikasimamisha gari kwenye njia panda. Nikazima injini. Buti nyingi, nzito, zilizopigwa misumari, zikasikika kwa mbali... halafu zikasimama zote kwa pamoja.

Nikawasha injini, nikaendesha mpaka nyumbani bila kutazama kioo.

Ungedhani wangeirudisha ile bendera kesho yake. Wapi. Watu walikuwa wameanza kuisifu, na Kelvin alikuwa na kichwa kigumu alichorithi kwangu. Walipiga muziki Consett, wakapiga na Hartlepool. Kila mara wale wanaume walikuwapo ukutani, na kila mara walikuwa wamesogea mbele kidogo. Nilimwambia Kelvin, akasema nimechoka, nilale.

Kisha akaanza kukohoa.

Mwanzoni tukasema ni moshi wa sigara za klabu. Baadaye nikaona leso yake. Alichokitema kilikuwa cheusi. Kucha zake zilikuwa na weusi usiotoka hata kwa brashi, na mgongoni, juu ya uti, yakatokea makovu madogo ya samawati, yale ya wanaume wanaotambaa chini ya mawe maisha yao yote. Daktari aliiangalia eksirei kwa muda mrefu. Akaniita pembeni.

"Alianza mgodini akiwa na umri gani?"

"Hajawahi kuingia mgodini, daktari. Anauza viatu."

"Haya ni mapafu ya mtu aliyefanya kazi miaka thelathini chini ya ardhi," akasema kwa sauti ya chini. "Sielewi. Na hayana muda mrefu."

Nilishuka ngazi za hospitali nimeshikilia ukuta. Baba alikuwa ameshafariki, Mama alikuwa na sisi wawili tu, na mimi sikuwa na mtu mwingine niliyempenda kama huyu mpumbavu mwenye jaketi la jinzi.

Ijumaa alikuja jamaa wa kampuni ya rekodi kutoka London, Bwana Prentice, kuwasikiliza klabuni Sunderland. Kelvin alitoka kitandani kwa ajili yake. Nilimfungia mlango, akapita dirishani. Nikaona bora nimpeleke mwenyewe, kuliko afie kituo cha basi.

Alipiga vizuri jioni ile. Sijawahi kumsikia akipiga hivyo. Lakini kabla ya wimbo wa mwisho, Prentice alinijia mlangoni, uso umemwisha damu.

"Wale wazee wenye kofia," akanong'ona. "Mnawalipa?"

Kwa hiyo si mimi peke yangu niliyewaona.

"Mmoja ameniuliza bendi inarudi nyumbani saa ngapi. Alipofungua mdomo yakatoka maji. Yakaendelea kutoka..."

Akaondoka. Koti lake liko kwenye klabu ile mpaka leo. Nilipogeuka, Kelvin alikuwa amepiga magoti jukwaani, gitaa linavuma peke yake. Nikamkimbilia, nikamwinua kichwa.

"Dada," akasema, "yatoe mawe. Yako juu yangu."

Asubuhi nilimwambia Mama kila kitu, ukiwemo wizi wa bendera. Alikuwa msichana mdogo mgodi ulipolipuka, na baba yake alikuwa mmoja wa wale walioachwa chini. Aliweka kikombe mezani.

"Bendera ikitoka," akasema, "bendi hutangulia, wanaume hufuata. Na ikirudi hupigiwa muziki mpaka langoni, ndipo watu wanatawanyika. Mmewapigia watoke. Nani amewapigia warudi? Mmeikunja, mmeitupa kwenye gari la samaki, na wao wamebaki barabarani."

"Kwa nini Kelvin?"

"Ndiye aliyewatoa. Wanamfuata yeye. Kila wakisimama karibu naye, anapata walichonacho."

Akapanda chumbani kwa Kelvin. Kulikuwa na tenzi ya kanisani iliyopigiwa bendera kila iliporudi. Mama aliiimba taratibu puani, na Kelvin, mgongo kwenye mito, akaitafuta kwenye nyuzi bila umeme, akikohoa, akirudia, mpaka ikakaa. Nilisimama mlangoni nikilia kwa hasira. Hasira juu ya nani, sijui.

Jumamosi, jua lilipozama, tulitoka ukumbini. Dougie alijifunga ngoma kifuani. Kelvin alining'iniza spika ndogo ya betri begani. Nyuma yao mimi na Ellis, kila mmoja na nguzo yake, bendera katikati yetu. Mama alikataa kuja.

"Nikimwona baba yangu," alisema, "sitarudi."

Njia ya mgodini inashuka kati ya uzio wa miiba na lundo la mawe yaliyotupwa na mgodi. Kelvin akaanza kupiga. Polepole, nyuzi nene tu, sauti ya kukwaruza, tenzi ya kanisani imevaa jaketi la ngozi. Dougie akaipigia hatua.

Tukapita nyumba ya mwisho. Mbwa akabweka, akanyamaza katikati.

Ndipo zikaja buti.

Nyuma yangu kabisa. Nyingi. Zinakwenda na ngoma, hazipitwi na hazipiti. Baridi ikanishika kisogoni. Matone yakadondoka kwenye changarawe... pwa... pwa... pwa. Mtu fulani huko nyuma alikuwa anaimba tenzi kwa sauti nzito, na maneno yalikuwa yanabubujika majini.

"Avril," Ellis akanong'ona. "Usiniache."

"Tembea."

Lango la mgodi lilikuwa na mnyororo, na nyuma yake ni zege tupu lililofunika shimo. Najua, nilicheza juu yake utotoni. Tulipolikaribia, mnyororo ukadondoka. Lango likafunguka kwa ndani. Zege sikuliona. Niliona giza, na giza lile lilikuwa linapumua.

Dougie akasimama. Machozi yanamtoka, mikono inaendelea kupiga.

Kelvin hakusimama.

Hapo ndipo nilipoelewa. Bendi hutangulia. Nyumbani kwao ni kule chini, na kuna mtu lazima aingie wa kwanza.

"Kelvin."

Hakugeuka. Alikuwa hatua chache kutoka langoni, anatembea kwa wepesi ambao hakuwa nao tangu augue. Nikaachia nguzo.

Bendera haikuanguka.

Mkono ulikuwa umeidaka. Mkono uliolowa, kucha nyeusi, kovu la samawati juu ya kidole gumba. Sikuinua macho kumtazama mwenyewe. Nilikimbia. Nikamkamata Kelvin kwa jaketi, nikamvuta kando ya njia, tukaanguka pamoja kwenye majani. Vidole vyake bado vilikuwa kwenye nyuzi.

"Piga," nikamwambia sikioni. "Usiache. Lakini hatua hata moja usiongeze."

"Wananisubiri, dada."

"Watapita. Piga."

Kwa muda buti zilikanyaga pale pale. Nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote na kuwaomba wale watu kimoyomoyo, nikawaambia ni mtoto, ni wa kwenu, mama yake ni binti wa mmoja wenu. Kisha bendera ikasogea. Ellis alikuwa ameachia nguzo yake pia na kujitupa chini. Ikapita mbele yetu imesimama wima, ikaingia langoni.

Wakafuata.

Nilitazama viatu tu. Maji yaliwatoka kwenye matundu ya kamba. Lakini kila mmoja alipofika mbele ya Kelvin alipunguza mwendo, na kwa pembe ya jicho niliona mkono ukipanda, kofia ikashuka mpaka kifuani. Mmoja. Mwingine. Wote. Nikadhani wanashukuru. Buti zikaacha kulia juu ya changarawe, zikaanza kulia kwa chini, zikashuka, zikashuka, mpaka likabaki gitaa peke yake. Nilipoinua kichwa, lango lilikuwa limefungwa, mnyororo uko mahali pake, na zege ni zege.

Kelvin akavuta pumzi. Pumzi ndefu, safi, isiyokwaruza popote. Akatazama kucha zake chini ya tochi ya Dougie. Zilikuwa nyeupe.

"Nina njaa," akasema.

Dougie akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Nasi tukacheka. Tulipanda njia tumeshikana mikono, tukapita dukani kwa samaki na chipsi, na mimi nikalipa bila kulalamika, jambo ambalo Ellis alisema ndilo la ajabu zaidi jioni ile.

Nilikuwa nimeshapitisha funguo kwenye mlango wa nyumbani nilipokumbuka.

Kwetu mchimbaji hamvulii kofia mtu aliye hai. Meneja wa mgodi akipita, kofia iko kichwani. Mfalme alipita Durham, ikabaki kichwani. Wanaivua kwa jambo moja tu: jeneza likipita barabarani.

Mama alikuwa amekaa jikoni. Alimtazama Kelvin akiingia, akamshika uso, akasikiliza kifua chake kwa sikio. Kelvin akaachiwa, akakaa, akafungua karatasi ya chipsi. Mama akanisogelea.

"Wameingia wote?"

"Wote."

"Walipompita..." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Walivua kofia?"

"Hapana, Mama."

Alinitazama usoni. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na Kelvin, akamshika kifundo cha mkono, na hakukiachia hata Kelvin alipokuwa anakula.

"Nyie vipi?" Kelvin akauliza, mdomo umejaa. "Mnanitazama hivyo kwa nini?"

Alicheka, akamaliza zake, akauliza kama zimebaki. Nikamsogezea zangu zote.