Kiti Kutoka Almasi

Krrrrr. Krrrrr.

Darasa zima la Kokoto likanyamaza. Hakuna aliyehitaji kuchungulia nje. Watoto wa shule ile waliujua mlio huo kuliko kengele ya mapumziko: miguu ya kiti cha chuma ikiburuzwa juu ya saruji ya uwanja. Mtoto mwingine ameshushwa kutoka Almasi, na kama walivyopanga wakubwa wa darasa hilo, anahama na kiti chake mwenyewe, bila msaada, ili kila mtu asikie.

Almasi lilikuwa darasa la wenye vipaji. Lilikuwa na zulia, mapazia, na watoto waliovaa utepe wa dhahabu shingoni huku wakitafuna kucha mpaka nyama. Waliobaki shuleni, yaani karibu wote, waliitwa kokoto. Jina hilo lilianza kama utani wa watoto. Walimu walicheka, likabaki.

Mwalimu wa Kokoto alikuwa kijana asiyejua kumumunya maneno. Alilidharau darasa la Almasi mchana kweupe. Katika chumba cha walimu alisema pale hawafundishi watoto, wanapiga msasa majivuno ya wazazi. Mchumba wake, aliyefundisha hesabu huko huko Almasi, humkanyaga mguu chini ya meza ili anyamaze, naye mwenyewe amebana kicheko. Jumapili wazazi wa pande mbili walikuwa wakutane kupanga ndoa yao.

Mlango ukasukumwa. Aliyesimama na kiti alikuwa Maswali, mpwa wa mwalimu wa Kokoto, ambaye mama yake alimwacha alelewe na mjomba alipokwenda kutafuta kazi mbali. Utepe shingoni haukuwepo.

"Shikamoo, mwalimu. Nikae wapi?"

Watoto wakasogea kumpa nafasi, wengine wakipiga makofi kama timu iliyosajili mshambuliaji. Maswali akakaa katikati yao, akacheka. Mjomba mtu hakuona kicheko. Aliona utepe tu, ule usiokuwepo. Akageukia ubao, akatoa simu, akamwandikia mchumba wake.

"Umemshusha mtoto wangu na hukuniambia?"

Jibu likaja hapo hapo: "Aliniomba nisikwambie. Mapumziko tuongee."

"Hatuna la kuongea. Mwambie baba yako Jumapili hakuna wageni."

Kengele ilipolia, mchumba alikuwa tayari amesimama mlangoni, vumbi la chaki limemjaa mikononi. Alingoja watoto watoke. Maswali peke yake akabaki, akijifanya anapanga vitabu.

"Hilo la baba yangu lirudie kwa mdomo," alisema mchumba.

"Ungemsaidia hata kidogo. Alama chache tu zingekupunguzia nini?"

"Nimpe alama za nini? Karatasi ya mtihani aliirudisha nyeupe."

"Basi alikuwa anaumwa."

"Mzima kama wewe. Nilimuuliza, akasema anataka kuhamia kwa mjomba, huku ambako watu wanacheka. Akaniapisha nikunyamazie kwa sababu anakuogopa."

"Aniogope mimi? Mimi ninayelisema lile darasa kila siku?"

"Unalisema, ndiyo. Halafu ukifika nyumbani unamuuliza amekuwa wa ngapi. Nionyeshe picha iliyo kwenye simu yako."

Mwalimu wa Kokoto akaufunika mfuko wa shati kwa kiganja. Picha ilikuwa ya Maswali, kidevu juu, utepe wa dhahabu umenyooshwa vizuri ili uonekane. Alikuwa amewaonyesha mpaka kinyozi na fundi viatu.

"Kule hatuulizi, mjomba," Maswali akasema taratibu, bila kuinua macho. "Ukiuliza wanajua hujui. Rafiki yangu hutapika kila siku ya mtihani. Mimi nilikuwa nauliza usiku, chini ya shuka, najiuliza mwenyewe."

Mjomba alifungua mdomo, lakini viatu vikasikika kwenye korido. Mlezi wa Almasi, msimamizi wa darasa lile, aliingia, mtu wa tai na manukato, ambaye kabla ya kuegemea dawati lolote la Kokoto alitandika leso. Alieleza kwamba mtoto yule ni hazina na haiwezekani akaachwa huku. Itaandikwa kwamba aliugua, atarudia mtihani, na mwalimu wa hesabu atasimamia. Mwalimu huyo akikataa, naye ahamie Kokoto.

"Na ukishuka huku hakuna kupanda tena," alimwambia mwalimu wa hesabu, akitabasamu. "Utaolewa na kokoto, uzae mchanga."

Mchumba alimpa kisogo. Alimtazama mwanamume wake, yule mwenye maneno ya kuunguza. Alingoja.

Na yule mwenye maneno akanyamaza. Kichwani alikuwa ameshaanza kuufunga upya ule utepe shingoni mwa mtoto. Akikubali, Maswali angerudi Almasi kesho. Akikataa, picha ile ingekuwa ya zamani. Akatazama sakafu.

"Nimekuelewa," alisema mchumba, na hakusema na Mlezi. Akatoka.

Mlezi akakunja leso yake kwa furaha, akamfuata nyuma. Kengele ikalia, watoto wakarudi. Mwalimu alishika chaki, asijue aandike nini. Maswali alikuwa ameshika kiti chake kwa mikono miwili, kama anayengoja kuambiwa akirudishe.

"Mjomba, nikibebe?"

Kabla hajajibu, mlio ukaanza upya. Huu ulikuwa mzito, wa kukwaruza meno. Krrrrr. Madirisha yote ya shule yakajaa vichwa. Katikati ya uwanja alikuwa mwalimu wa hesabu, amevua viatu, anaburuza kiti kikubwa cha mwalimu wa Almasi, chenye mto. Kule nyuma Mlezi alisimama kizingitini, leso mkononi, hana pa kuitandika.

Mwalimu wa Kokoto akatoka mbio. Akakamata mgongo wa kiti ili akiinue.

"Kiache," alisema mchumba, anahema. "Wacha wasikie. Wewe kaa na picha yako."

Mwanamume akatoa simu, akaifuta picha huku mwenzake anatazama.

"Hiyo ni simu. Kichwani je?"

"Kichwani bado. Nilikaa kimya pale kwa sababu nilitaka Maswali arudi Almasi. Nilikuwa namcheka Mlezi, kumbe namwonea wivu."

Mchumba alijifuta jasho. Kisha akaachia upande mmoja wa kiti.

"Shika huo. Tuburuze, usiinue."

Wakaburuza wote wawili, kelele ikawa mara dufu, watoto wa Kokoto wakishangilia madirishani. Mlangoni Maswali alikuwa amesimama, kiti chake bado mikononi.

"Na baba nimwambie nini?" aliuliza mchumba.

"Wageni wanakuja. Nitamwomba msamaha mimi mwenyewe."

Kisha akapiga goti mbele ya mpwa wake, akakichukua kile kiti na kukiweka chini, na akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mapazia ya Almasi:

"Nyumbani kwetu hutaulizwa tena umekuwa wa ngapi. Wewe ndiye utakayeuliza. Uliza mpaka nichoke, na nikichoka, uliza tena. Nakuahidi."