Yai Lililokataa Majina

Panya walikuwa wakicheza juu ya mgongo wa chatu mchana kweupe, naye hata hakugeuka. Hapo ndipo Monicah alipojua kuna jambo.

Ilikuwa mwaka wa mvua kubwa, kabla ya Uhuru, huko Magunga, upande wa Homa Bay. Mumewe, Elkanah, alimfuga chatu huyo katika ghala la pamba tangu alipokuwa mwembamba kama mshipi, ili awale panya. Majirani walinung'unika weee, wakachoka. Elkanah, Msabato wa kweli, alicheka tu: "Huyu ni askari wangu bwana! Tena halali kazini."

Sasa askari alikuwa ametaga, na yai la mwisho likamkwama. Uvimbe kama ngumi ulionekana karibu na mkia. Monicah alimkanda kwa maji ya vuguvugu, akampaka samli. Wapi! Ghala likajaa harufu ya matope ya ziwani, na ziwa liko mbali. Kisha akasikia mguno, mguno wa mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Alitoka mbio kumwita Phelesia, bibi mkunga ambaye wote walimwita Dani, yaani nyanya, na ambaye pia alijua mambo ya juogi, wale ambao Waswahili wa Homa Bay huwaita majini.

Phelesia aliingia, akanusa, akashika mdomo.

"Mama Kezia," alimnong'oneza Monicah, "ndani ya hilo yai kuna mtu. Chatu akifa nalo, huyo mtu atatafuta tumbo lingine humu bomani."

"Uwi! Tufanye nini, Dani?"

"Tumtajie majina. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, si tunamtajia marehemu mpaka asikie lake anyamaze? Basi ni hivyo hivyo. Lakini marehemu tu! Jina la aliye hai lisikutoke."

Wakaanza. Babu za Elkanah, shangazi zake, waliozama ziwani, waliokufa kwa ndui. Kwa kila jina uvimbe ulisogea kidogo, kisha ukarudi. Na kadiri walivyoita ndivyo mguno ulivyopanda, ukamtoka chatu ukaingia kwenye magunia, ukatoka kwenye magunia ukapanda darini, hadi Monicah akausikia nyuma ya shingo yake mwenyewe pamoja na pumzi ya baridi yenye uvundo wa samaki, na kitu asichokiona kikamshika kifundo cha mguu, kikakaza, kikavuta, akasahau marehemu wote na maonyo yote.

"Elkanah!" alipiga yowe. "Elkanah, nakufa!"

Tangu aolewe hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Huku mke hafanyi hivyo. Humwita Baba Kezia, kwa jina la mtoto wao, basi. Leo jina lilimtoka zima zima.

Yai likateleza, likatoka. Mguno ukakatika.

"Naam," yai likaitika, kwa sauti ya mumewe.

Walimkuta Elkanah shambani, ameketi kati ya mistari ya pamba, baridi, macho wazi. Midomo ilicheza bila sauti. Monicah alirudi ghalani na jembe ili alipasue yai, lakini jembe lilipoligusa tu, akasikia watu waliobaki na mumewe wakipiga kelele kwamba anatokwa na damu puani. Akalitupa jembe, akalia.

"Kumfukuza huyo wa ndani ya yai naweza," Phelesia alisema, bila kumtazama. "Lakini atakwenda na mume wako. Maji yakimwagika hayazoleki, binti yangu."

Basi Monicah alilifunga yai tumboni kwa leso, kwa sababu likipoa, Elkanah naye hupoa. Alipika nalo, alipalilia nalo. Wazee wa kanisa walikuja kuomba, wakaenda. Hakuna aliyerudi.

Siku moja, akimlisha mumewe uji, alihisi kitu kikikwaruza kutoka ndani. Ganda lilikuwa limeanza kuchanika.

"Mama Kezia," sauti ya mumewe ilinong'ona kutoka kwenye leso, kwa hofu ambayo Monicah hakuwahi kuisikia kwake. "Nakuomba, usiliache lipasuke. Humu ndani tuko wawili."

Monicah alilibana ganda kwa viganja vyote viwili, na ufa ukapita katikati ya vidole vyake.