Saa ya Kupimia Gari la Zimamoto

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule, msichana mmoja alimpelekea baba yake chakula cha mchana kwenye uwanja wa ndege. Baba alikuwa mkuu wa zimamoto pale, na kituo chake kilikuwa banda la mabati nyuma ya ghala la mizigo, mahali ambapo hata paka wa uwanja hawakupataka. Darasani wenzake walimcheka. "Baba yako analipwa kulala," walisema, kwa kuwa hakuna ndege iliyowahi kuungua. Aliwaona wapumbavu watupu, lakini maneno yao yalimchoma.

Mtu ambaye msichana alimdharau kuliko wote alikuwa meneja wa uwanja, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Vioo. Mwaka huo uliandaliwa mpango wa miaka ishirini: ghala la mafuta likae wapi, karakana wapi, zimamoto wapi. Baba aliomba kiwanja cha katikati, karibu na njia ya kurukia ndege. Bwana Vioo alikitaka hichohicho ajenge ukumbi wa vioo wa wageni mashuhuri. Mashuhuri gani? Kwa wiki zilitua ndege sita, na abiria wenyewe walishuka wakiwa wamekumbatia mabegi yao kama watu wanaokimbia mvua.

"Zimamoto wana banda lao," meneja alisema ofisini, akikunja pua. "Mgeni akishuka aone nini, mipira ya maji?"

Mhandisi wa mpango, mama mfupi asiyependa porojo, alisema kipimo ndicho kitakachoamua. Gari la zimamoto likifika mwisho wa njia ndani ya dakika tatu, banda linatosha. Likichelewa, kiwanja ni cha zimamoto. Na kwa kuwa wafanyakazi wote walikuwa na upande, alitoka nje akamkabidhi msichana, aliyekuwa ameleta chakula Jumamosi hiyo, saa ya kupimia.

"King'ora kikilia, anza. Gari likifika kwenye bendera nyekundu ile mwisho wa njia, bonyeza. Lengo ni dakika tatu."

"Sawa, mama," msichana alijibu. Hakuuliza matokeo yataamua nini, maana alijiona anajua kila kitu.

Alisimama kwenye bendera. King'ora kililia. Gari lilizunguka ghala la mizigo, likakwama nyuma ya trekta la mikokoteni, likatoka. Dakika mbili na nusu zilipita, nalo bado lilikuwa dogo kule mbali. Aliwakumbuka wenzake na vicheko vyao. Ilipobaki sekunde mbili kutimia dakika tatu, alibonyeza.

Gari lilifika baadaye sana, baba akashuka akihema. Mhandisi na meneja wakaja nyuma kwa gari dogo. Mhandisi aliisoma saa, akakunja uso, akaandika.

"Si nilisema?" Bwana Vioo alipiga makofi. "Banda linatosha! Zimamoto wabaki kulekule, ukumbi wangu unajengwa." Kisha akampapasa msichana kichwani. "Binti mwerevu sana huyu."

Baba alimtazama mwanawe, kisha banda lake kule mbali. Ndipo msichana alipoelewa alichokifanya. Sifa za mtu yule zilimchoma kuliko vicheko vya darasani, na dharau yote aliyokuwa amewawekea wengine ikamgeukia yeye mwenyewe.

"Nimedanganya," alimwambia mhandisi. "Nilibonyeza gari likiwa bado mbali. Nilitaka baba aonekane hodari."

"Mtoto amechanganyikiwa na jua tu," Bwana Vioo alidakia.

"Aliyechanganyikiwa simwoni hapa," mhandisi alimkata. "Tunarudia. Saa ataishika huyuhuyu."

Safari hii kidole hakikusogea mpaka tairi la mbele lilipofika kwenye bendera. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Mhandisi alilifuta neno "ukumbi" kwenye ramani, akaandika "zimamoto" juu yake kwa herufi kubwa. Bwana Vioo aliondoka bila kuaga, na hakuna aliyemwita.

Msichana alimsogelea baba yake akiwa ameinamisha kichwa. "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe, mwanangu," baba alisema. "Lakini usinipe tena sifa ya uongo. Watu wakiwa ndani ya ndege inayoungua, dakika ile uliyoificha ndiyo watakayokuwa wanaomba waipate. Sema ukweli hata ukituaibisha mimi na wewe, kwa sababu aibu tutaishi nayo, na wao hawatakuwa na nafasi ya kuishi."